Unakwenda maporomoko ya Engare Sero? Tazama mawingu ya juu kwanza

Wengi wakisikia Ngorongoro wanawaza kreta na simba. Lakini ndani ya wilaya hiyohiyo, chini kabisa kwenye Bonde la Ufa karibu na Ziwa Natron, kuna korongo lenye mto ambalo unalipanda kwa miguu hadi kwenye maporomoko: Engare Sero.

Kutoka Soitsambu unapita Wasso, Sale, kisha unateremka ukingo wa bonde. Wanaotoka Arusha hupitia Mto wa Mbu. Usitegemee baridi ya Loliondo huko chini. Ziwa liko mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari, na mchana joto huweza kupita nyuzi 40.

Kupanda ni kama saa moja. Hakuna daraja, unavuka mtoni mara kadhaa, na kuna sehemu utatembea umeshikilia mwamba. Kandambili zitaondoka na maji, vaa viatu vya kufunga. Simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji. Mwisho wa njia utayaona maji yakitoka ukutani, kwenye chemchemi za mwamba wenyewe, na hapo ndipo watu huoga.

Sasa hatari. Korongo ni jembamba na kuta zake ni ndefu, kwa hiyo anga unaloliona ni kipande tu. Mvua ikipiga nyanda za juu, maji yake yanashukia humohumo, hata kama kichwani kwako jua linawaka. Ukiona maji yamegeuka tope ghafla, au yanaleta vijiti na majani, usikimbilie kurudi ulikotoka. Panda sehemu ya juu iliyo karibu, usubiri. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, kuwa makini zaidi.

Ndiyo maana kiongozi wa kijijini si pambo: anajua jana mvua ilinyesha wapi. Malizana naye bei kabla ya kuanza safari.

Sabuni na shampuu ziache kambini. Maji hayo yanashuka kwa watu na mifugo kabla ya kuingia ziwani na kuwa magadi.

Ukibakiwa na muda, kusini mwa ziwa kuna nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale, zilizoganda kwenye majivu ya volkano. Nenda asubuhi au jioni. Saa saba mchana pale hapakaliki.