Amplifaya ya gitaa
Amplifaya ya gitaa ni kifaa kinachokuza ishara dhaifu ya umeme inayotoka kwenye gitaa la umeme ili iweze kuendesha spika. Ina sehemu mbili: ya awali, inayounda sauti, na ya nguvu, inayoikuza. Katika amplifaya za moduli, sehemu ya awali huweza kuchomolewa na kuwekwa nyingine.

Katika bendi za muziki wa dansi za Tanzania, kama Mlimani Park Orchestra iliyoanzishwa mwaka 1978, magitaa ya solo, rithimu na besi hupigwa pamoja. Gitaa la solo likiongezwa sauti nzito, hugongana na gitaa la besi. Sauti za kati ndizo hulifanya lisikike. Kwa hiyo amplifaya hurekebishwa wakati bendi nzima inapiga.