Ufunguo wa Mgeni Aliyeondoka



Mgeni kateremka stendi ya Kange usiku, akitokea Lushoto. Anapata chumba katika gesti moja ya Ngamiani, analipa, anafunga mlango, analala. Saa nane za usiku mlango unafunguliwa. Aliyeingia hakuvunja kitu. Ni mpangaji wa jana. Walikuwa wawili, mwenzake akarudisha ufunguo mmoja, yeye akabaki na wa pili mfukoni. Kaunta waliona ufunguo umerudi, wakadhani chumba ki wazi.

Kosa la namna hiyo hutokea pia ndani ya simu. Programu ikitaka kuhifadhi jambo hupewa nafasi katika kumbukumbu. Hicho ndicho chumba chake. Kazi ikiisha, chumba hurudishwa ili kipewe programu nyingine. Taabu ni kwamba kazi nyingi huendeshwa kwa pamoja, na chumba kimoja huweza kutumiwa na kazi mbili au tatu. Moja ikikirudisha ilhali nyingine bado ina ufunguo, hiyo ya pili itaandika mambo yake ndani ya chumba cha mwingine.

Oktoba 2019, wataalamu wa Google walitangaza kosa kama hilo katika Binder, sehemu ya Android inayopeleka ujumbe baina ya programu. Chumba kilirudishwa, lakini orodha ya wanaosubiri habari ilikuwa bado inakielekeza. Programu yenye hila iliweza kupitia hapo na kuitawala simu nzima, na dalili zilionyesha kwamba wapo waliokwisha kuitumia njia hiyo.

Dawa mojawapo ni kuhesabu funguo. Kila anayechukua huongeza moja, anayerudisha hupunguza moja, na chumba hakitolewi mpaka hesabu ifike sifuri. Lakini kuhesabu nako kuna masharti. Wahudumu wawili wakisoma "moja" kwa wakati mmoja, kila mmoja akatoa ufunguo na kuandika "mbili", nje kuna funguo tatu na daftari linasema mbili. Chumba kitatolewa kabla ya wakati. Kwa hiyo kusoma na kuandika lazima viwe tendo moja lisilokatizwa. Tena, hesabu ikishafika sifuri, chumba hicho kisitolewe ufunguo mwingine kwa jina la mpangaji wa zamani.

Sisi yanatuhusu nini? Kosa lile la Binder lilikwisha kurekebishwa katika Linux, ambayo ndiyo msingi wa Android, mwanzoni mwa 2018. Hata hivyo, karibu miaka miwili baadaye simu nyingi zilikuwa hazijapata marekebisho hayo. Dawa ilikuwapo, wagonjwa hawakufikiwa.

Leo simu ndiyo pochi yetu. Inapoomba kusasishwa, wengi wetu huahirisha tukiogopa kumaliza bando. Lakini huenda sasisho hilo ndilo linalokuja kumnyang'anya mpangaji wa jana ufunguo wake. Tusimwachie alale nao.

Hadi juma lijalo, kwaherini.