SOMO LA 17: NANI MKUBWA KATIKA BARAZA?

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu wenu amekwisha andika ubaoni maneno matano ya leo: baraza, seneta, kamati, mwenyekiti, kutangulia. Yasomeni pamoja kwa sauti, mara moja. Vema.

Katika somo lililopita tulieleza jinsi watu wanavyopiga kura kuwachagua wajumbe wao. Leo tunauliza swali linalofuata. Wajumbe wakiisha kuingia barazani, kila mmoja ana kura moja. Je, nani kati yao ni mkubwa? Nani ataongoza, na nani atangoje?

Sisi twajua njia nyingi za kumpata mkubwa. Nyumbani, aliyezaliwa kwanza ndiye mkubwa. Jandoni, rika lililotangulia huheshimiwa na rika lililofuata. Kazini, aliyeandikwa zamani hujiona mkubwa kuliko aliyeandikwa jana, hata kama yule wa jana ana mvi. Ukubwa huu wa mwisho hauhesabu umri. Huhesabu miaka ya utumishi. Tutauita ukubwa wa kutangulia. Mfano wetu ni Bunge la Marekani katika karne ya kumi na tisa, yaani tangu mwaka 1801 hata 1900.

Bunge hilo lina mabaraza mawili. La kwanza ni Baraza la Wawakilishi, ambalo wajumbe wake wote huchaguliwa kila baada ya miaka 2. La pili ni Seneti. Kila jimbo, liwe kubwa au dogo, hupeleka maseneta 2, na kila seneta huchaguliwa kwa miaka 6. Maseneta hawamalizi muda wao wote pamoja. Kila baada ya miaka 2 ni theluthi moja tu wanaomaliza. Kwa hiyo katika Seneti siku zote wamo wenyeji wa kuwapokea wageni. Zamani zile maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo yao. Wananchi walipewa haki ya kuwachagua wenyewe mwaka 1913.

Mwanzoni kutangulia hakukuwa na nguvu nyingi. Mwaka 1811 Henry Clay wa jimbo la Kentucky aliingia katika Baraza la Wawakilishi akiwa na umri wa miaka 34. Alikuwa amepata kukaa Seneti kwa muda mfupi, lakini katika baraza hili alikuwa mgeni. Siku ile ile ya kwanza wenzake walimchagua kuwa Spika! Walikuwamo watu waliokaa humo miaka mingi, nao wakaongozwa na kijana. Tena katika baraza lile Spika ndiye aliyegawa kazi za kamati karne ile yote, na kama hakumtaka mtu, aliweza kumwacha nyuma.

Sasa tueleze neno kamati. Baraza zima haliwezi kuchunguza kila jambo. Basi wajumbe wachache huwekwa kando kuchunguza jambo la namna moja, kama vile fedha, au mambo ya nchi za nje. Hao ndio kamati, na kiongozi wao ni mwenyekiti. Mwenyekiti ana nguvu, kwa sababu akipenda, jambo husonga mbele haraka. Asipopenda, laweza kulala kwake mpaka watu walisahau.

Seneti iliunda kamati za kudumu mwaka 1816. Kwa miaka mingi wajumbe wa kamati walichaguliwa kwa kura za maseneta, jambo lililokula wakati na kuleta mashindano. Mwezi wa Desemba mwaka 1846 wakaanza desturi nyingine. Kila chama kilileta orodha ya watu wake kwa kila kamati, na majina yakapangwa kwa kufuata nani aliyetangulia. Desturi ilipozoeleka, aliyekuwa juu katika orodha ya chama chenye watu wengi ndiye aliyetazamiwa kuwa mwenyekiti.

Tazameni faida zake. Kwanza, ugomvi ulipungua, maana tarehe haina ndugu wala haipokei rushwa. Pili, aliyekaa sana katika kamati moja aliijua kazi yake vizuri. Wazee husema, kuishi kwingi ni kuona mengi.

Lakini desturi si ukuta wa mawe. Stephen Douglas wa Illinois aliongoza kamati ya Seneti iliyohusika na nchi ambazo zilikuwa bado hazijawa majimbo, tangu mwaka 1847. Aligombana na Rais James Buchanan, mtu wa chama chake mwenyewe, juu ya utumwa katika nchi ya Kansas. Mwaka 1858 chama chake kilimwondoa katika kiti hicho. Charles Sumner wa Massachusetts aliongoza kamati ya mambo ya nchi za nje tangu mwaka 1861. Rais Ulysses Grant alitaka kuitwaa nchi ya Santo Domingo, ambayo leo ni Jamhuri ya Dominika. Sumner alikataa waziwazi. Mwezi wa Machi mwaka 1871 wenzake wa chama walimwondoa, ingawa alikuwa amekaa Seneti miaka 20. Basi ukubwa wa kutangulia ulimlinda mtu mpaka chama chake kilipoudhika sana.

Sasa sikilizeni habari ya Blanche Bruce. Bruce alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia mwaka 1841. Alijifunza kusoma, na baadaye akawa mwalimu wa shule. Utumwa ulipokwisha alikwenda Mississippi, na Bunge la jimbo hilo likamchagua kuwa seneta. Mwezi wa Machi mwaka 1875 alifika Seneti kula kiapo.

Ilikuwa desturi kwamba seneta aliyetangulia humchukua mgeni wa jimbo lake na kwenda naye mbele mpaka mahali pa kiapo. Seneta aliyetangulia wa Mississippi alikuwa James Alcorn. Jina la Bruce lilipoitwa, Alcorn hakuinuka. Bruce akaanza kwenda peke yake, mbele ya macho ya watu wote. Ndipo Roscoe Conkling, seneta wa New York, alipoondoka kitini pake, akampa mkono, akaenda naye mpaka mbele. Bruce hakusahau. Alipopata mtoto wa kiume alimwita Roscoe Conkling Bruce.

Wote wawili, Alcorn na Conkling, walikuwa wakubwa kwa Bruce kwa kutangulia. Mmoja aliukalia ukubwa wake, mwingine akautumia kumpokea mgeni.

Bruce alifanya kazi yake kwa heshima. Tarehe 14 Februari mwaka 1879 alikaa katika kiti cha kuongoza mkutano wa Seneti, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka huo pia aliongoza kamati ya kuchunguza benki iliyoanguka na fedha za watu waliotoka utumwani. Lakini muda wake ulipokwisha mwaka 1881, Bunge la Mississippi lilikuwa mikononi mwa chama kingine, naye hakurudi.

Mwaka 1890 Mississippi ilitunga katiba mpya. Mpiga kura alitakiwa kulipa kodi, tena aweze kusoma sehemu ya katiba, au aieleze akisomewa. Aliyepima kama amefaulu alikuwa karani mzungu, naye aliweza kumfaulisha mzungu na kumwangusha mtu mweusi. Kwa njia hii kusoma, ambako ni taa, kulifanywa kufuli. Mitihani hiyo ilisimamishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Tangu Bruce aondoke, ilipita miaka 86 kabla ya mtu mweusi mwingine kuingia Seneti, yaani Edward Brooke wa Massachusetts, mwaka 1967.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya ukubwa wa kutangulia. Kalenda huhesabu sawasawa, lakini huwahesabu walio ndani tu. Aliyefungiwa mlango hahesabiwi hata siku moja. Kule Mississippi waliofunga mlango waliendelea kurudi, na miaka yao ikaongezeka. James Eastland wa jimbo hilo hilo, mpinzani wa haki za watu weusi, aliiongoza kamati ya sheria ya Seneti tangu mwaka 1956 hata 1978, na miswada ya haki hizo ilipelekwa mbele yake.

Basi, ndugu zangu, tukisikia kwamba mtu ni mkubwa kwa kuwa alitangulia, tumheshimu. Kisha tuulize: mlango ulikuwa wazi kwa wote siku alipoingia?

Sasa jadilianeni katika kikundi chenu:

1. Ukubwa wa kutangulia una tofauti gani na ukubwa wa umri?
2. Desturi ya mwaka 1846 ilipunguza shida gani?
3. Katika chama chenu cha ushirika au kamati ya shule, mwenyekiti hupatikanaje? Mgeni hupokewaje?

Andikeni majibu kwa sentensi fupi, kila mtu kwa mkono wake. Kwaherini mpaka somo lijalo.