Siku Sita Uturuki na Swali la Binti Yangu

Tulitua Istanbul kabla ya alfajiri, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, na mizigo ilikuwa haijapata pa kuwekwa adhana ilipoanza kuitikiana kutoka mnara hadi mnara. Kijana wetu, ambaye njia nzima alilalamikia usingizi, alinyamaza. Kwa safari hii tulidunduliza miaka mitatu. Siku zilikuwa sita tu, lakini Alhamdulillahi, tulirudi na zaidi ya picha.

Msikiti wa kwanza tuliosali ni Suleymaniye, ulioko kilimani. Mjenzi mashuhuri Sinan aliujenga kati ya mwaka 1550 na 1557 kwa amri ya Sultan Suleiman. Kuba yake huvuta macho ya kila mgeni, ila mimi nilivutiwa zaidi na majengo yanayouzunguka: madrasa, hospitali, hamamu, na jiko lililowalisha wanafunzi, maskini na wapita njia. Yote hayo yaliendeshwa kwa mapato ya mali za wakfu.

Siku ya tatu tulivuka Bahari ya Marmara kwa boti hadi Bursa, mji mkuu wa Waothmani katika zama zao za mwanzo. Msikiti Mkuu wa mji huo, uliokamilika mwaka 1400, una makuba 20. Husimuliwa kwamba Sultan Bayezid aliweka nadhiri ya kujenga misikiti 20 akipata ushindi vitani, kisha akajenga mmoja wenye makuba 20. La ajabu ni kuwa birika la kutawadhia limo ndani ya msikiti wenyewe, chini ya kuba inayopitisha mwanga wa jua, na mnong'ono wa maji huchanganyika na sauti za wasomaji wa Qur'an.

Konya, uliokuwa mji mkuu wa Waseljuki, ndiko alikozikwa Mawlana Jalaluddin Rumi, aliyefariki mwaka 1273. Hapo nilimkumbuka Ibn Battuta. Mwaka 1331 alifika Kilwa yetu, akamsifu Sultan Hassan bin Suleiman aliyeitwa Abul Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Baada ya hapo alikuja nchi hii, akapita Konya na Bursa, akasimulia habari za Akhi, jumuiya za vijana na mafundi waliogombea kumkirimu mgeni. Kilwa na Konya ziko mbali mno, lakini msafiri yule alikuta adabu ile ile.

Zaidi ya kilomita 100 kutoka Konya, kwenye barabara ya Aksaray, tuliteremka Sultan Han, nyumba ya misafara iliyojengwa mwaka 1229 kwa amri ya Sultan Alauddin Kaykubad. Lango lake ni refu, limechongwa kama ushi wa mshonaji hodari. Katikati ya uwanja kuna kimsikiti kilichoinuliwa juu ya matao manne. Mwongozaji alitueleza kuwa katika nyumba za namna hii msafiri alilala hadi siku tatu, akala, na ngamia wake wakalishwa, bila kudaiwa chochote.

Binti yangu wa miaka kumi akauliza, "Baba, nani alikuwa analipa?"

Nikamwambia ni wakfu: mtu huitoa mali yake kwa ajili ya Allah, isiuzwe wala isirithiwe, na mapato yake yaende kwenye kheri aliyoitaja.

"Na watoto wake hawakuichukua?"

Sikumjibu. Nikajifanya kutazama lango.

Siku mbili za mwisho zilikuwa za Kapadokia. Majivu ya volkano za kale yaligeuka jiwe laini, mvua na upepo vikalikata likawa minara iliyochongoka, mingine imevaa kofia ya jiwe gumu jeusi. Watu walichimba humo nyumba, makanisa na hata miji ya chini ya ardhi. Katika mji wa Derinkuyu tuliinama katika vichochoro vyembamba na kuona milango ya mawe ya duara iliyofungwa kwa kuviringishwa kutoka ndani. Huko juu, tulisali adhuhuri na alasiri kwa kupunguza na kukusanya, kwenye nyasi, bonde lote likiwa mbele yetu.

Kwa familia inayokusudia safari kama hii: chukueni viatu vya kutembelea na nguo nzito, kwani usiku wa Kapadokia una baridi kali. Akina mama wawe na mtandio mkubwa karibu, na msijaze miji mingi katika siku chache.

Sasa nieleze kwa nini nilinyamaza mbele ya mtoto. Marehemu babu yangu aliweka wakfu shamba la minazi kwa ajili ya chuo cha Qur'an cha kijijini. Bei ya ardhi imepanda, na baadhi yetu wajukuu tulitaka ligawanywe. Nilikuwa nimeahidi kutia saini.

Wiki mbili baada ya kurejea, ukoo ulikutana. Karatasi iliponifikia niliirudisha tupu, nikaomba kwanza isomwe hati ya babu mbele ya wote. Mzozo haujakwisha, na ndugu wawili hawajanisemesha hadi leo. Lakini minazi bado imesimama, na mwezi uliopita mwalimu wa chuo alipokea fedha za nazi.

Binti yangu nimempa jibu lake.