Shoga wa Unguja, Shoga wa Lamu

Katika karne ya 19, Edward Steere, askofu Mwingereza aliyekusanya maneno ya Kiswahili huko Unguja, aliandika kwamba shoga ni rafiki, neno la wanawake wanapoitana wao kwa wao, na kwamba wanawake wa Unguja ni nadra kutumia jingine. Kisha akaongeza kwamba huko Lamu neno hilohilo ni la mwanamume anayeingiliwa na mwanamume mwenzake. Neno moja, pwani moja, zama moja, maana mbili. Na zote mbili ziko hai mpaka leo: mwanamke wa Mombasa au Dar es Salaam humwita mwenzake “shoga yangu” bila ya mtu kushtuka, na gazeti la siku hiyohiyo likaandika “ushoga” kwa maana nyingine kabisa. Tunapobishana kama ushoga ni wetu au umeletwa, tunajifanya kama kwamba neno limesimama mahali pamoja tangu enzi za mababu. Halikusimama. Maneno ya kale ya pwani yalitaja tendo, mwenendo au nafasi ya mtu mbele ya watu. Hayakutaja aina ya binadamu inayojulikana kwa yule inayempenda. Aina hiyo ni dhana ya juzi, na ni ya juzi hata huko Ulaya tunakodhani imezeeka.

Tuyatazame maneno yenyewe. Basha ni cheo cha Kituruki kilichopitia Kiarabu, na wacheza karata wanalijua kwa maana ya mfalme. Katika mambo haya basha ni yule mwanamume mwenye kutenda na, mara nyingi, mwenye mali. Gill Shepherd, mwanaanthropolojia aliyeandika kuhusu Mombasa katika miaka ya 1980, alionyesha jinsi cheo na uwezo wa fedha vilivyotawala mahusiano ya namna hiyo. Shoga na basha hawakuwa watu wa kundi moja. Walikuwa pande mbili za jambo moja, na basha aliweza kuwa na mke na watoto akahesabiwa mwanamume kama wengine. Msagaji naye, yaani mwanamke anayejamiiana na mwanamke mwenzake, hana uhusiano wowote wa jina na shoga wala basha: jina lake limetokana na kitenzi kusaga, kama vile Kiarabu kinavyolitaja tendo hilo kwa mzizi wenye maana ya kuponda. Hanithi ndilo lililosafiri zaidi. Unni Wikan, aliyefanya utafiti Sohar nchini Oman na kuuchapisha mwaka 1977, aliwakuta mahanithi wakiwa watu wenye nafasi yao katika jamii, kati ya wanaume na wanawake, na nafasi hiyo mtu aliweza kuingia na hata kutoka akioa. Kwa Waswahili wengi hivi leo hanithi ni mwanamume asiye na nguvu za kiume, basi, na mara nyingi ni tusi tu. Mwaka 1899 Michael Haberlandt wa Vienna alichapisha maelezo kuhusu Unguja, na miongoni mwa maneno aliyoyanakili limo mke-si-mume. Hili linaeleza mtu anavyoonekana na kuishi. Halisemi anampenda nani.

Ulaya nako hali haikuwa tofauti sana. Sheria za Waingereza zilihukumu tendo “kinyume cha maumbile”, na maneno hayo yakaingia katika kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, kisha katika sheria za makoloni mengi, zikiwemo za Kenya na Tanganyika. Jina la aina ya watu linalotumika leo halikuwepo. Lilizaliwa tarehe 6 Mei 1868, katika barua ambayo Karl-Maria Kertbeny, mwandishi wa Kihungari, alimwandikia mwanasheria Mjerumani Karl Heinrich Ulrichs. Humo ndimo yalimoonekana kwanza maneno homoseksuali na heteroseksuali, yaliyoungwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini. Mwaka uliofuata Kertbeny akalitumia la kwanza katika vijitabu vya kuipinga sheria ya Prussia iliyowaadhibu wanaume. Alitaka neno lisilo na matusi. Madaktari wakalichukua na kuligeuza jina la ugonjwa, na ilipita zaidi ya miaka mia moja tangu neno lizaliwe kabla ya kuutoa ugonjwa huo katika vitabu: chama cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani mwaka 1990. Kinachoshangaza zaidi ni yaliyompata ndugu yake, heteroseksuali. Kamusi ya Merriam-Webster ya mwaka 1923 ililieleza neno la mapenzi kati ya mwanamume na mwanamke kuwa ni ashiki ya kiugonjwa. Toleo la mwaka 1934 likaliita hali ya kawaida. Watu hawakubadilika katika miaka hiyo 11. Kilichobadilika ni maelezo ya neno.

Sisi tumeipokea dhana hiyo ikiwa imekwisha kupikwa. Taarifa za afya na za haki za binadamu zimetupa “mapenzi ya jinsia moja”, msemo unaowaweka shoga, basha na msagaji katika chungu kimoja. Magazeti nayo yakaona msemo ni mrefu, yakachukua “ushoga”, neno ambalo lilikuwa na maana ya urafiki wa wanawake, yakalibandika kwa wote, hata kwa wanawake wenyewe. Siwalaumu waliolihitaji jina moja. Daktari anayepanga huduma anahitaji neno la jumla, na anayedai haki yake mahakamani vilevile.

Wako watakaosema: maneno haya mengi ni ya Kiarabu au Kituruki, kwa hiyo na mambo yenyewe yaliletwa kwa majahazi. Hoja hii inavutia, lakini haisimami. Samaki ni neno la Kiarabu pia, na kabla yake lilikuwepo nswi la Kibantu. Hakuna anayedai kwamba watu wa pwani hawakuvua kabla ya wageni. Sita, saba na tisa zimetoka huko huko, na babu zetu walihesabu mpaka kumi bila hizo. Neno la kuazima linathibitisha kwamba watu walizungumza na jirani zao. Kwa upande wa pili, anayedai kwamba watu wa kale walikuwa na dhana hii hii ya leo, kwa sababu tu neno shoga lilikuwepo Lamu, anaruka mbali kuliko ushahidi unavyomruhusu.

Pingamizi nzito zaidi ni ya mwenye kusema kwamba majina si kitu, kinachohukumiwa ni jambo lenyewe, na dini imekwisha kulisemea. Lakini wanazuoni wa fiqhi hawakuchanganya: walimtofautisha khuntha, aliyezaliwa na maumbile yasiyo wazi, na mwanamume mwenye mwenendo wa kike, na wakalitaja liwati kwa jina lake kama tendo. Anayetaka kuhukumu kwa haki angalau afike walipofika wao. Na mahali tunapoumia kwa uvivu huu wa kuchanganya maneno panajulikana. Habari za “ulawiti” magazetini mara nyingi ni habari za watoto waliodhulumiwa na watu wazima, na zikisomwa kando ya kichwa cha habari cha “ushoga”, msomaji hutoka akiamini kwamba ni kitu kimoja. Mtoto ananyimwa jina sahihi la uovu aliotendewa, na mtu mzima asiyemgusa mtoto wa mtu anabebeshwa kosa la mwingine. Mhariri unayesoma haya, mtoto akidhulumiwa andika kwamba amebakwa au amedhulumiwa, na umtaje aliyemtenda kwa kosa lake. Na neno shoga waachie wanawake wa pwani walitumie kama walivyolitumia siku zote.