Ini la Ndugu kwa Saratani ya Utumbo

Habari ikituumiza sana, twasema imetukata maini. Ipo operesheni inayoutimiza msemo huo kwa kisu: mtu mwenye afya yake analala mezani, anakatwa zaidi ya nusu ya ini, na kipande hicho anawekewa ndugu yake. Yenyewe si ngeni. Mwaka 1989, mjini Brisbane, Australia, mtoto wa Kijapani alipandikizwa kipande cha ini la mama yake akapona. Kigeni ni kuifanya kwa mtu mwenye saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa.

Kwa nini saratani ya utumbo ikimbilie ini? Kwa sababu njia ndiyo hiyo. Damu ya matumboni, kabla ya kurudi moyoni, hukusanywa na mshipa mmoja mnene unaoipeleka kwanza kwenye ini ili ichujwe. Seli ya saratani iliyobanduka husafiri humo humo, ikanaswa na chujio la kwanza. Takriban nusu ya wagonjwa wa saratani hii hupata vivimbe vya ini wakati fulani. Vikiwa vichache, daktari huvikata na wengine hupona kabisa. Lakini kwa walio wengi vimetapakaa pande zote, na hapo kilichokuwa kimebaki ni dawa tu.

Wazo la kulitoa ini lote na kuweka jingine lilijaribiwa Ulaya tangu miaka ya 1980, likashindwa. Saratani ilirudi upesi, na chini ya mgonjwa 1 kati ya 5 ndiye aliyefika mwaka wa tano. Likaachwa. Mwaka 2006 madaktari wa Oslo wakalifufua, kwa sababu moja ambayo nchi nyingine hazikuwa nayo: Norway ilikuwa na maini ya marehemu yanayotosha, kwa hiyo hapakuwa na mgonjwa wa kunyang'anywa zamu. Waliwapandikiza wagonjwa 21. Baada ya miaka 5, asilimia 60 walikuwa hai. Na karibu wote saratani ilikuwa imewarudia.

Sentensi hizo mbili zinaonekana kupingana, na ndipo penye kiini cha tiba hii. Saratani ilirudi hasa mapafuni, kwa vivimbe vidogo vinavyokua polepole, ambavyo baadhi yake hukatwa. Anayekufa kwa saratani hii mara nyingi huuawa na ini lililozidiwa. Ondoa ini hilo, na umempa miaka. Kwa hiyo asiyeahidiwa kupona kabisa hajadanganywa.

Uthibitisho mkubwa ulitoka mwaka 2024 katika utafiti wa Ulaya uitwao TransMet. Hospitali zilizobobea zilipendekeza wagonjwa 157. Kamati ikawakubali 94 tu, wakagawanywa kwa kura. Waliopangiwa ini pamoja na dawa, asilimia 57 walikuwa hai baada ya miaka 5. Waliopangiwa dawa peke yake, asilimia 13. Mimi huitazama zaidi ile 94 kuliko hiyo 57. Waliopita ni wale ambao uvimbe wa utumboni ulikwisha kukatwa, saratani haikuonekana popote nje ya ini, dawa ziliidhibiti kwa miezi, na CEA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, kilikuwa chini au kilikwisha kushuka sana. Mwenye badiliko baya katika jeni ya BRAF hakuingia. Muda wenyewe ndio mtihani: saratani kali hujifichua wakati wa kusubiri.

Maini ya marehemu ni machache karibu duniani kote, ndiyo maana macho yamegeukia ndugu aliye hai. Vituo vitatu vya Canada na Marekani viliwachunguza wagonjwa 91 kwa njia hiyo. Waliopandikizwa ni 10. Ini la ndugu halimnyimi mtu zamu, tena upasuaji hupangwa siku ambayo mgonjwa yuko tayari. Lakini gharama inahamia kwa mwingine. Akitoa upande wa kulia, ambao ni kama asilimia 60 ya ini, hatari ya mtoaji kufa hukadiriwa kuwa watu 2 hadi 5 katika kila 1,000. Wengine huvuja nyongo, hupata usaha au ngiri ya kovu. Na watu husema ini huota tena, kana kwamba ni mgomba. Kilichokatwa hakioti, kilichobaki ndicho hunenepa kwa wiki na miezi hadi kukaribia ukubwa wa awali. Hutoi mara mbili.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili huanzia kwenye kikao cha ukoo, kabla ya hospitali. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, lakini wanaohitaji ini wengi huelekea India, ambako maini mengi hutoka kwa jamaa walio hai. Kikaoni, macho humwangukia mdogo wa mwisho, asiye na mke wala kazi ya maana. Atasemaje hapana mbele ya wajomba? Kwa hiyo mtoaji apewe daktari wake, asiye yule wa mgonjwa, na azungumze naye faraghani. Akisita, daktari awaambie jamaa neno moja tu: vipimo havikuruhusu. Wapo watakaouita huo uongo. Mimi nauona ni sitara, na hofu yenyewe ni sababu ya kitabibu.

Ukiwa unapanga safari hiyo, waulize wapasuaji wamekwisha kuwapandikiza wangapi wenye saratani ya utumbo, si wenye ini lililosinyaa, na wamewakataa wangapi. Wakikuambia njoo na ndugu yako wiki ijayo, kabla dawa hazijaonyesha chochote, msikate tiketi.