Neno "ili" linavyokupotezea alama za Biolojia

Mwanafunzi, katika kurasa zilizotangulia umezoea kuuliza swali moja kuhusu kila mhusika: alitaka nini? Katika riwaya na tamthilia swali hilo ni halali, kwa kuwa mhusika ana nia na kitendo chake kina lengo. Ukilibeba swali hilohilo hadi kwenye mada ya Mageuko katika Biolojia ya Kidato cha Nne, litakuponza. Makala haya yanaeleza sababu, na namna ya kujihami.

Kosa lenyewe

Swali huwa la kawaida: Eleza jinsi uteuzi asilia unavyofanya viumbe wafaane na mazingira yao. Mimi kama mtahini nimekutana na jibu hili mara nyingi:

"Ngamia aliishi mahali pakavu, kwa hiyo alijibadilisha ili aweze kukaa siku nyingi bila maji. Kisha akawarithisha watoto wake."

Lugha imenyooka, lakini alama ni sufuri. Mtahiniwa amemfanya ngamia kuwa mhusika mwenye mipango. Wazo hilo linafanana na la Lamarck, Mfaransa aliyeeleza mwaka 1809 kuwa kiumbe hupata sifa kutokana na mahitaji yake, kisha huirithisha. Nadharia unayotakiwa kuieleza hapa ni ya Darwin, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1859.

Hatua tano za jibu sahihi

Ukiwa Todonyang, ukingoni mwa Ziwa Turkana karibu na mpaka wa Ethiopia, tayari unayo nusu ya jibu. Muulize mzee yeyote mwenye mifugo: ukame ukija, je, mbuzi wote hufa? Atakwambia la. Anzia hapo.

1. Tofauti. Viumbe wa spishi moja hawafanani. Baadhi ya tofauti hizo zimo katika jeni, na zilikuwepo kabla ya shida kuja.
2. Shinikizo. Mazingira huleta ukame, ugonjwa, maadui au uhaba wa chakula. Viumbe hushindana.
3. Kunusurika. Wenye sifa zinazofaa huishi. Wengi wasio nazo hufa au huzaa wachache.
4. Kurithisha. Walionusurika huzaa na kupitisha jeni hizo kwa watoto wao.
5. Kuenea. Baada ya vizazi vingi, sifa hiyo huwa ya wengi.

Hesabu: hatua tano, hoja tano. Ukiruka ya kwanza, jibu lote linayumba, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwamba sifa haikuja kwa kuhitajika.

Mfano wa nyumbani

Mwaka 2025, jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu jeni za Waturkana. Watafiti walieleza kuwa jeni iitwayo STC1, inayofanya kazi katika figo, inaonyesha dalili za uteuzi asilia, na waliihusisha na uhifadhi wa maji mwilini. Kumbuka homoni ya ADH uliyosoma Kidato cha Pili. Jeni hii inahusiana na kazi yake.

Usiandike: "Waturkana walibadilisha figo zao ili wavumilie kiu." Andika: "Miongoni mwa watu wa kale, baadhi walikuwa na aina ya jeni iliyosaidia figo kuhifadhi maji. Eneo lilipokauka, hao walinusurika na kuzaa zaidi, watoto wao wakairithi, na baada ya vizazi vingi ikaenea."

Mfano wa pili: klorokwini. Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, kwa kuwa vimelea vingi vilikuwa sugu. Dawa haikuvifundisha vimelea kuwa sugu. Vichache vilikuwa na mabadiliko ya jeni yaliyovikinga. Dawa iliua vingine, hivyo vikabaki na kuzaana.

Je, "ili" ni haramu kabisa?

La. Katika Karatasi ya Tatu, ile ya vitendo, unaweza kusema uliongeza ayodini ili upime wanga. Hapo mwenye nia ni wewe. Kanuni ni hii: "ili" ni ya mtu anayekusudia. Jeni, kimelea na mti havikusudii chochote.

Najua mtihani utaufanya kwa Kiingereza. Hata hivyo, kosa hili huanzia kichwani, kisha hutafsiriwa. Ukimaliza insha ya alama 20 katika Sehemu B ya Karatasi ya Pili, irudie ukitafuta kila neno la kusudi. Ukikuta kiumbe amepewa kusudi, futa sentensi hiyo na uiandike upya kwa hatua tano. Kazi hii haihitaji maabara wala darubini. Aliye Lodwar, Kakuma au Todonyang anaweza kuifanya sawasawa na aliye Nairobi.

Zoezi

Andika upya sentensi hizi bila kumpa kiumbe kusudi:

(a) Mbu walijibadilisha ili dawa ya kupuliza isiwaue.
(b) Mathenge uliota mizizi mirefu ili ufikie maji yaliyo chini sana.
(c) Ngamia alijibadilisha ili aweze kukaa siku nyingi bila maji.

Katika kila jibu, pigia mstari hatua ya kwanza. Kama huioni, anza tena.